Duka la mtandaoni halileti bingwa: tuanze na fundi wa kinga

Tarehe 28 mwezi wa tisa 2025, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume katika mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali, baada ya kilomita 267,5 za kupanda na kushuka vilima. Wakimbiaji 30 tu ndio waliofika mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika, na yalifanyika mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Goma.

Najua kwamba kwa wasomaji wengi wa Kivu habari hiyo ilipokelewa kwa uchungu. Miezi minane kabla ya hapo M23 ilikuwa imeingia Goma, kisha Bukavu. Bunge la Ulaya lilikuwa limeomba mashindano yaondolewe Kigali ikiwa Rwanda haitabadili mwendo wake. Kila mtu ana msimamo wake juu ya jambo hilo na ana haki nao. Lakini vijana wetu wanaopenda baiskeli, au kinga kama tunavyosema huku, walitazama picha zile kwenye simu na wakabaki na swali lao: baiskeli kama zile zinanunuliwa wapi, na sisi tutazipata namna gani?

Jibu la kwanza liko kwenye simu hiyohiyo. Ukifungua maduka ya mtandaoni ya Ujerumani, Ufaransa au Uingereza unaona kila kitu: magurudumu mepesi, viatu, kaski, cheni. Bei imeandikwa, picha ni safi, kubofya ni rahisi. Kisha duka linauliza adwesi ya nyumba na kadi ya benki, na habari inaishia hapo. Ndiyo maana wengi wanasema: tungekuwa na maduka kama hayo, nasi tungekuwa na mabingwa.

Mimi siamini hivyo. Tukiangalia vizuri yaliyoyapata maduka hayo kwao Ulaya, tutaona kwamba tunalilia kitu kisicho sahihi. Kinachokosekana kwetu kiko karibu zaidi, na kinaweza kupatikana kwa makuta machache zaidi.

Kutoka duka la familia hadi soko la hisa

Mwaka 1984, mume na mke, George na Janice Watson, walifungua duka dogo la baiskeli huko Ballynure, Ireland ya Kaskazini. Baadaye duka hilo lilichukua jina la Chain Reaction Cycles, likaanza kutuma vipuri kwa posta, kisha likaingia kwenye intaneti na kuwa mojawapo ya maduka makubwa ya baiskeli duniani. Huko Portsmouth, kusini mwa Uingereza, duka lingine la mtandaoni lilianza mwaka 1999 kwa jina la Wiggle. Mwaka 2016 mawili hayo yaliungana.

Mtu aliyeendesha baiskeli Ulaya miaka hiyo anayakumbuka. Ukiagiza mpira wa ndani au jozi ya freni kwa Wiggle, ndani ya kifurushi ulikuta pakiti ndogo ya peremende za Haribo. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2018 jina la Wiggle lilionekana kwenye jezi za timu ya wanawake iliyoshinda mbio kubwa. Mwaka 2012 Bradley Wiggins alikuwa Mwingereza wa kwanza kushinda Tour de France, na wanaume wengi wa makamo waliacha gofu na kununua baiskeli. Biashara ikawa nzuri.

Tuseme ukweli wote: maduka hayo yalisaidia. Mtu aliyeishi kijijini mbali na mji aliweza kupata kipuri ambacho zamani kilimlazimu kusafiri. Bei ilishuka. Mwanamke au mtu mgeni katika mchezo huu, ambaye katika maduka mengine ya mjini aliangaliwa kwa dharau, aliweza kununua bila kumwomba mtu ruhusa. Mtu asiwatukane watu waliopenda bei nafuu. Hata sisi sokoni Virunga au Kadutu tunafuata bei.

Lakini bei hiyo ilikuwa na mtu aliyeilipia. Duka la mtandaoni lilinunua mzigo mkubwa kwa mara moja, halikulipa kodi ya nyumba katikati ya mji, na wenye maduka madogo walilalamika kwamba mara nyingine bei yake kwa mteja ilikuwa chini ya bei ambayo wao wenyewe walinunulia kwa muuzaji wa jumla. Wateja walikuja dukani kujaribu viatu, wakaangalia namba, wakatoka, wakaagiza kwenye simu. Siku baiskeli ilipoharibika, walirudi kwa fundi yuleyule waliyemkwepa. Wengi wa mafundi hao walifunga milango.

Milioni 150 zilizokosekana

Mwaka 2020, Covid ilipofunga mabasi na vyumba vya michezo, dunia nzima ilitaka baiskeli. Viwanda havikuweza kufuata. Watu walisubiri miezi mingi kupata cheni au giya za Shimano, kampuni ya Japani ambayo vipuri vyake viko kwenye sehemu kubwa ya baiskeli za mbio. Maduka yakaagiza kwa wingi, yakidhani kwamba hali hiyo itadumu. Haikudumu. Kufikia 2022 wateja walipungua, na mizigo iliyoagizwa zamani ikaanza kufika. Ghala zilijaa. Kila duka likapunguza bei ili kupata pesa, na jirani yake akapunguza zaidi.

Katikati ya hayo, mwaka 2021, Wiggle na Chain Reaction zilinunuliwa na Signa Sports United, kampuni ya Ujerumani iliyoingia soko la hisa la New York mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo. Nyuma yake alikuwepo tajiri wa Austria, René Benko, aliyejulikana kwa majumba makubwa kuliko kwa baiskeli. Vilevile Uingereza ilikuwa imetoka katika soko la pamoja la Ulaya, na vifurushi vya kwenda Ufaransa au Uhispania vikaanza kukutana na karatasi za duane. Sisi watu wa mipakani tunajua maana yake.

Mwezi wa kumi 2023, Signa ilijiondoa katika ahadi yake ya kutoa euro milioni 150. Katika siku chache zilizofuata kila kitu kilianguka. Wiggle na Chain Reaction ziliwekwa chini ya wasimamizi wa kufilisika. Fahrrad.de ya Ujerumani na Probikeshop ya Ufaransa, zilizokuwa chini ya mwavuli huohuo, nazo zikazama. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi. Mwezi wa kumi na moja Signa yenyewe ilitangaza kufilisika, na mwezi wa kwanza 2025 Benko alikamatwa huko Austria.

Jina la Wiggle halikufa. Lilinunuliwa na Frasers, kundi la mfanyabiashara Mike Ashley ambalo mwaka 2018 lilikuwa limenunua pia Evans Cycles, maduka ya baiskeli yaliyoanzishwa mwaka 1921, kwa pauni milioni 8 tu. Jina linaweza kununuliwa hivyo, kwa bei ya chini. Lakini fundi aliyefunga duka lake mtaani miaka kumi mbele ya hapo hakurudi kwa sababu tovuti imeanguka. Amekwisha kutafuta kazi nyingine, na ujuzi wake umeondoka naye.

Si maduka yote ya mtandaoni yameanguka, na singependa msomaji aelewe hivyo. Canyon, ya Koblenz nchini Ujerumani, ilijengwa juu ya kuuza moja kwa moja kwa mteja, na baiskeli zake zinashinda mbio kubwa. Hata hivyo baiskeli yake inafika ndani ya katoni. Lazima mtu aifunge, aipime, aitengeneze inapochoka. Na baiskeli za leo si zile za zamani: freni ni za mafuta, giya zinaendeshwa na betri, fremu ni ya kaboni ambayo ukiikaza kupita kiasi inapasuka. Kadiri baiskeli inavyopanda bei, ndivyo inavyomhitaji fundi zaidi.

Mchezo huu ni likelemba

Kuna jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi. Mtu akiona baiskeli ya barabara anafikiri ni mchezo wa mtu mmoja na mguu wake. Kumbe ni mchezo wa kundi. Anayekaa mbele anakata upepo, na walio nyuma yake wanaokoa nguvu nyingi. Kwa hiyo kila mmoja anakaa mbele dakika chache, kisha anajiondoa pembeni na kurudi nyuma, na mwingine anashika nafasi. Ni likelemba kabisa. Asiyetoa zamu yake watu wanamjua haraka, kama vile tunavyomjua yule anayependa kupokea lakini siku ya kuchanga anazima simu.

Kundi hilo lina lugha yake. Wa mbele akiona shimo ananyoosha mkono chini, na ishara inapita hadi kwa wa mwisho. Mmoja akitoboka mpira katika matembezi ya siku ya Mungu, wenzake wanasimama. Mgeni anafundishwa kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Hata katika mbio za kulipwa kuna sheria zisizoandikwa. Mwaka 2010, katika Tour de France, cheni ya Andy Schleck wa Luxemburg, aliyekuwa na jezi ya njano, ilitoka wakati wa kupanda mlima. Alberto Contador wa Uhispania hakusubiri, akamwacha, na jioni hiyo alichukua jezi kwa tofauti ya sekunde 8. Watu walimzomea jukwaani. Usiku huohuo aliomba radhi kwa video. Hakuna karatasi iliyomlazimisha kusubiri, lakini kila mtu alijua.

Wako waliojaribu kuuza hata utamaduni huo. Kampuni ya Rapha, iliyoanzishwa London mwaka 2004, iliuza jezi za bei ghali kwenye intaneti pamoja na hadithi za mbio za zamani, ikafungua nyumba za kahawa ambamo wanachama walikutana kabla ya kuendesha. Mwaka 2017 wajukuu wa mwanzilishi wa Walmart waliinunua kwa karibu pauni milioni 200. Tangu hapo imekuwa ikitangaza hasara mwaka baada ya mwaka. Naona somo ndani yake: kahawa na jezi zinauzika, lakini zamu ya kukaa mbele kwenye upepo haiuzwi. Inafundishwa na mtu mzima kwa kijana, barabarani, kwa miaka.

Eritrea haikusubiri kifurushi

Anayesema kwamba bila maduka ya mtandaoni hakuna mabingwa, namwomba aangalie Eritrea. Ni mojawapo ya nchi zenye intaneti kidogo sana duniani. Kununua gurudumu kwa kubofya ni ndoto kwa mtu wa Asmara kama ilivyo kwa mtu wa Uvira. Hata hivyo Biniam Girmay, aliyezaliwa Asmara mwaka 2000, mtoto wa fundi seremala, alishinda Gent–Wevelgem ya Ubelgiji mwaka 2022. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Mbele yake, mwaka 2015, wenzake wa Eritrea Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus walikuwa Waafrika weusi wa kwanza kukimbia Tour hiyo.

Walifikaje? Baiskeli iliingia kwao na wakoloni Waitaliano, ambao mwanzoni hawakutaka kukimbia pamoja na wenyeji. Mwaka 1939 walipokubali, Mwaeritrea Ghebremariam Ghebru aliwashinda. Tangu hapo mchezo ukawa wa watu. Asmara iko kwenye mita zaidi ya 2 300 juu ya bahari, barabara zake zinapanda na kushuka, mbio zinapita katikati ya mji, familia zinasimama pembeni kushangilia. Kuna makundi, kuna makocha waliokuwa wakimbiaji, kuna mafundi wanaojua kufufua baiskeli ya zamani mara ya tano. Girmay alipopelekwa kwenye kituo cha shirikisho la dunia, UCI, huko Aigle nchini Uswisi, akiwa kijana, tayari alikuwa ametengenezwa nyumbani. Ulaya ilimwongezea tu.

Na sisi?

Sisi si wageni wa baiskeli. Kisangani, wakati wa vita ya 1998 hadi 2003, magari na boti zilipokosekana, toleka ndiyo iliyobeba watu na mizigo. Lubumbashi inapika chakula kwa makala yanayoingia mjini juu ya kinga. Goma imejenga hata sanamu ya chukudu, chombo cha mbao kinachobeba mamia ya kilo za viazi, wakati sheria za UCI zinakataza baiskeli ya mbio kuwa chini ya kilo 6,8. Nguvu ya miguu na ujuzi wa kusukuma mzigo mlimani tunavyo.

Tunachokosa ni mambo mengine. Baada ya Goma kuanguka mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Hata mwenye dola zake alishindwa kuzitoa. Katika hali hiyo, kumwambia kijana aagize kwenye intaneti ni kumdanganya. Hata kule kuliko na usalama, kifurushi kinakutana na duane ya DGDA, na OCC, na mkono mwingine njiani. Kipuri cha bei ndogo kinafika kikiwa na bei ya kinga nzima. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji anaacha mchezo kwa sababu ya cheni moja, na hakuna gazeti linaloandika juu yake.

Naona mambo manne yanayowezekana bila kusubiri tajiri wa Austria.

La kwanza ni duane. Serikali ihesabu baiskeli na vipuri vyake kama chombo cha kazi, si kama kitu cha anasa. Mama anayepeleka ndizi sokoni na kijana anayejifunza mbio wanatumia cheni na mipira. Ushuru ukishuka, wote wawili wanapumua.

La pili ni kununua kwa pamoja. Makundi ya baiskeli yafanye likelemba ya vipuri: wachague aina moja ya magurudumu na giya za kawaida zinazovutwa na waya, ili kilichobaki kwa mmoja kiweze kumsaidia mwingine. Mzigo mmoja unaoingia kwa mfanyabiashara anayejulikana unalipiwa duane mara moja. Ni njia ileile iliyoyapa maduka ya mtandaoni bei nzuri, ila faida inabaki kwa wanachama.

La tatu ni fundi. INPP inafundisha makanika na umeme. Kwa nini isiwe na darasa la baiskeli? Fundi wetu wa mtaa anajua kunyoosha rimu kwa macho na kufunga freni kwa waya wa kuokota. Mpe vyombo sahihi na miezi michache ya mafunzo, atatengeneza baiskeli ya mbio asubuhi na ya mzigo mchana. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa, na vijana wasio na kazi ni wengi.

La nne ni barabara. Pale usalama unaporuhusu, mji ufunge kipande cha barabara kwa saa chache asubuhi ya siku ya Mungu. Kundi haliwezi kujifunza zamu na ishara katikati ya malori na pikipiki zinazokimbizana.

Najua wapo watakaosema: watu wanalala kambini, wewe unaandika juu ya baiskeli. Swali ni la haki. Ila tukumbuke nani alifikisha unga wakati mafuta yalipokosekana, na nani alimbeba mgonjwa pale ambapo gari halifiki. Mara nyingi alikuwa mtu wa kinga au wa chukudu, na nyuma yake kulikuwa na fundi aliyekaa chini ya mwavuli na sanduku la funguo. Kumsaidia fundi huyo si anasa ya wakati wa amani. Mchezo utakuja juu ya kazi yake, kama ulivyokuja Asmara.

Kwa hiyo kwa vijana wanaotazama maduka ya mtandaoni kila usiku, ushauri wangu ni huu: tazameni, jifunzeni majina ya vipuri na bei zake, ili mtu asiwadanganye. Lakini makuta mliyo nayo leo, wekeni kwanza kwenye sanduku la pamoja la vipuri, na mumlipe fundi wa mtaa kazi yake bila kumpunja. Na kwa wabunge wetu waliotoka mashariki, ambao kila mwaka wanapitisha sheria ya fedha: safari hii mtuulizie ushuru wa cheni na mipira ya kinga. Ni mstari mmoja tu katika karatasi ile.